Kantonye Anayemchagulia Dada Yake Jipu

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye kilomita ya thelathini na nne ya barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, mtu mmoja mwenye kaptula ya kaki iliyopauka anamwagilia barabara.

Hamwagilii bustani wala kitalu cha mpunga. Anaimwagilia barabara yenyewe. Anashuka kijitoni na madebe mawili, anapanda nayo taratibu, anayamimina ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe jana jioni, kisha anashuka tena. Mkewe, Subira, anamfuata na debe la tatu, wala hafichi kwamba kazi hii haimwingii akilini.

"Mie niliolewa na mutu wa kutoa maji mu barabara," anasema Subira akitua debe lake. "Leo anayarudisha."

Mtu huyo ni Sumaili Yakubu, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni kantonye, yaani kibarua wa kutunza barabara, na kwa miaka kumi na saba amekabidhiwa kilomita tano hizi hizi. Kazi yake ni kuziba mashimo, kuchimba mitaro, kukata nyasi na kufukuza maji. Analipwa faranga mia tano kwa mwezi pamoja na posho ya chumvi. Kapita, msimamizi wake, akipita akakuta maji yametuama, mshahara unakatwa.

Leo maji yametuama, na aliyeyatuamisha ni yeye, mchana kweupe.

Ukimwuliza sababu, anaegemea mpini wa beleshi lake, anatazama lile shimo kwa muda, kisha anajibu kwa sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri.

"Namuchagulia yaya yangu motokari," anasema. "Na mie sijui tena kitu."

Hilo ndilo jibu alilopewa mwandishi wa habari hizi baada ya kuja kwa baiskeli kutoka Kasongo, makalio yakiwa hayana hali. Ikabidi akae chini kando ya mtaro, akubali kiazi cha kuchoma, na kuuliza upya toka mwanzo.

Yaya anayetajwa ni dada yake mkubwa, Amisa, mjane wa Kasongo. Kwa miaka kumi na tisa Amisa amekuwa akinunua mpunga Wamaza na mawese Lusangi, na kuviuza mjini. Mizigo yake huipakia kwenye malori ya watu. Lori likitaka linakuja, lisipotaka halionekani, na mwenye mzigo hana pa kulalamika. Mwaka juzi mvua zilimkuta Wamaza na magunia arobaini, naye akasubiri lori aliloahidiwa kwa siku kumi na moja. Lilipofika, mpunga ulikuwa umeota ndani ya magunia.

Tangu hapo Amisa alikata shauri kununua gari lake mwenyewe. Jipya haliwezi, hilo analijua. Anataka lililotumika, lakini si lolote tu.

"Sitake motokari ya kunipeleka ku arusi," anasema Amisa. "Nataka ya kuzeeka nayo."

Katika ukoo wao kuna mshonaji, kuna walimu wawili wa Kurani na kuna mwoka mikate. Mwenye kujua magari hakuna. Lakini yuko Sumaili, ambaye tangu mwaka wa vita ameyasukuma, ameyafukua na kuyavuta kwa kamba magari yote yaliyowahi kukwama katika kilomita zake. Ndugu wote walikubaliana kwamba mtu wa kuulizwa ni yeye. Na si utani, maana Sumaili husikia gari likiwa bado ng'ambo ya kilima akakuambia ni la nani. Hutazama alama za magurudumu asubuhi akajua nani kapita, na kama alikuwa na mzigo au alikwenda mtupu. Matumbo ya magari anayajua kuliko nyuso zao, kwa kuwa huko chini ndiko anakoitwa.

Jambo moja tu ndugu zake hawakulifikiria. Sumaili hajapanda gari hata siku moja.

"Wananisukumisha, inatoka, wanakwenda," anaeleza, na hasemi kwa uchungu. "Nani atasimama tena, na iliisha kutoka?"

Agosti hii ya 1957 jipu mbili zilizotumika, magari madogo ya njia mbovu, zinauzwa Kasongo. Moja ni ya kijivu, mali ya bwana mmoja wa mambo ya pamba anayerudi kwao Ubelgiji mwisho wa mwezi. Nyingine ni ya kijani, mali ya mfanyabiashara mzungu wa mjini aliyekwisha kununua lori. Bei zao zinakaribiana. Akiba ya Amisa inatosha kununua moja, na baada ya hapo habaki na kitu. Akikosea, atarudi kusubiri malori ya watu akiwa mikono mitupu, na umri wa kuanza upya umeshampita. Na ili mzigo uwe mzito zaidi, gari litaandikwa kwa jina la Sumaili, kwa sababu walivyoambiwa ni kwamba karatasi za gari za mwanamke zina safari ndefu ofisini.

Mwanzoni Sumaili hakuona ugumu wowote. Alikaa akahesabu. Katika miaka mitatu iliyopita, ile ya kijani ameivuta topeni mara nane. Mara moja ilimchukua tangu asubuhi hadi adhuhuri, na fremu yake ikavunjika palepale mbele ya macho yake. Ile ya kijivu hajaivuta hata mara moja. Haijawahi kukwama katika kilomita zake, wala hajapata kusikia kantonye jirani akilalamika kuihusu. Sasa hapo mtu wa kawaida atajiuliza nini tena?

Akapeleka habari mjini kwamba inunuliwe ya kijivu. Amisa akafurahi, walimu wa Kurani wakaomba dua, na mwenye jipu akaambiwa amwekee mteja wake. Mambo yalikuwa yamekwisha, mpaka alipokuja Grégoire.

Grégoire ni shofere, na ameendesha gari la misheni kwa miaka kumi na moja. Amisa amekubaliana naye kwamba atamwendeshea jipu lake likishapatikana. Wiki mbili zilizopita alipita kwa Sumaili kumsalimu, na katika mazungumzo akamwuliza amejuaje kuwa ya kijivu ndiyo nzuri. Sumaili akamweleza hesabu yake kwa fahari kidogo. Grégoire, kwa maelezo ya Subira aliyekuwapo, alicheka mpaka akapaliwa na mahindi.

Alipopata pumzi ndipo akamweleza habari ya baryeri.

Wasafiri wa barabara hii wanaijua baryeri. Ni mti mrefu unaolazwa katikati ya njia mvua ikinyesha, na gari halipiti mpaka udongo ukauke, ili magurudumu yasiiharibu barabara. Bwana wa pamba ni mtu wa kutii amri. Mti ukilazwa, yeye hufungua kiti chake cha kukunja, hutoa kitabu, na kusubiri. Grégoire amewahi kusubiri naye siku mbili nzima, na anasema hajapata kuona mtu aliyetulia vile. Mfanyabiashara wa jipu la kijani yeye hakuwahi kukosa barua ya kumruhusu, au njia ya kupita kabla mti haujalazwa, tena na magunia hadi juu.

"Ile ya kijivu haikwami sababu haiendi," Grégoire alimwambia. "Unamusifu mutu kama hachoki, na hujamuona akifanya kazi?"

Sumaili siku za mvua huwa mtaroni, maji yakimfika magotini, na baryeri iko mbali na kilomita zake. Anayaona magari yanayopita tu. Yale yanayosubiri, angeyajuaje?

Tangu siku hiyo kichwa chake hakijatulia. Ikiwa ya kijani ilikwama kwa sababu ilifanya kazi, basi zile mara nane ni sifa. Lakini kitu kilichovutwa mara nane si kimechoka? Na ya kijivu, kama imekaa tu, ni mpya bado au haijulikani ilivyo? Anaanza kufikiri upande huu, akifika katikati anajikuta upande wa pili. Subira anasema mumewe amefikia hatua ya kusimama barabarani na jembe begani, bila kulima, bila kuondoka.

Washauri nao hawakumsaidia. Kila aliyepita alikuwa na lake. Mwoka mikate alisema atazame moshi. Mwalimu mmoja wa Kurani alisema atazame tabia ya mwenye gari, kwa kuwa mtu mwaminifu hawezi kuuza kitu kibovu. Mnunuzi mmoja wa mpunga kutoka Kabambare alisema yote hayo ni maneno matupu, kitu cha kutazama ni vipuri: kama kikivunjika kitu, utakipata Kasongo au utasubiri miezi? Hilo lilimwingia Sumaili. Akaenda mjini kwa miguu kuuliza, akaambiwa vipuri vya jipu zote mbili hupatikana, na vya zote mbili huchelewa. Akaambiwa tena ahesabu jipu za aina ya kila moja zilizo hai mpaka leo upande huu wa Maniema. Akahesabu. Za aina ile tatu, za aina hii tatu.

"Nilitaka kulia," anasema.

Mwandishi wa habari hizi, ambaye hajui gari zaidi ya kulipisha njia, alijaribu kusema kwamba labda zote mbili ni nzuri. Sumaili alimtazama kwa huruma.

Ni baada ya ushauri wa watu wote hao, siku chache kabla mwandishi hajafika, ndipo lilipomjia wazo la shimo. Gari hujulikana topeni, hilo angalau hana shaka nalo. Lakini siku za ukavu hakuna tope, na siku za tope mti umelazwa, gari haliruhusiwi kupita. Bwana wa pamba anaondoka kabla ya mvua. Basi Sumaili akaamua kutengeneza tope lake mwenyewe, kabla ya mvua, pale pabaya kuliko pote katika kilomita zake, mahali alipopajaza kokoto kwa miaka mitatu mpaka pakapona. Alizitoa kokoto zote, moja moja. Anakiri kwamba alipokuwa akizitoa alihisi kama anaiba.

Saa tatu na kitu jipu zote mbili zinafika, vumbi nyuma yao. Wenyewe wamekubali zijaribiwe hadi hapa, kila mmoja akitaka kuuza. Ya kijivu inaendeshwa na dereva wa bwana wa pamba, ya kijani inaendeshwa na Grégoire. Amisa amekaa mbele katika ya kijivu. Amefunga vikwembe vipya, na mkoba wake ameubana kwapani kama mtoto mchanga. Anamsalimu mdogo wake, anamwuliza habari za nyumbani, za afya, za shamba, na halitazami lile shimo mpaka salamu ziishe.

Lakini kabla gari lolote halijajaribiwa, inatokea baiskeli kutoka upande wa Lusangi. Ni kapita Placide, msimamizi wa makantonye wa upande huu, ambaye hakutarajiwa mpaka Jumatatu.

Kapita anashuka. Anatazama maji. Anatazama rundo la kokoto lililopangwa vizuri kando. Anauliza nani amefanya hivi, na Sumaili anajibu ni yeye. Anauliza kwa nini, na Sumaili anamweleza yote, toka mpunga ulioota hadi jipu tatu kwa tatu. Wote wanangoja. Kuharibu barabara ya serikali si mchezo. Watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hili.

Placide anaegemeza baiskeli yake kwenye mti. Anasema nusu mshahara wa mwezi huu umekwenda, na kesho saa sita mchana asione hata alama ya shimo. Kisha anatafuta pa kukaa.

"Anza na ya kijivu," anasema. "Na mie nataka kujua."

Magunia sita ya mchanga yanapakiwa ndani ya ya kijivu. Dereva anaondoka polepole, anaingia shimoni, na magurudumu ya nyuma yanaanza kuzunguka bure. Jipu linazama taratibu mpaka tumbo linagusa udongo. Kando ya gia kuna fimbo fupi ya chuma, ambayo ikivutwa magurudumu ya mbele nayo husaidia kuvuta. Dereva anaishika fimbo hiyo. Haisogei. Anaishika kwa mikono miwili, anaweka na mguu, haisogei hata kidogo. Anaona haya. Anakiri kwamba toka aanze kazi kwa bwana wake hajaigusa hata mara moja, kwa sababu haikuhitajika.

Wanaitoa kwa kamba, watu saba wakivuta. Sumaili analala chali, anaingia chini yake, anatoka baada ya muda mrefu.

"Tumbo yake iko safi kama sahani," anasema, na hakuna anayejua kama anasifu au anashitaki. Uso wake unaonyesha kwamba hata yeye hajui.

Zamu ya kijani. Magunia yaleyale, shimo lilelile. Nayo inazama. Amisa anafumba macho. Grégoire hana haraka, anavuta fimbo fupi na inaitika kwa mlio mdogo. Magurudumu ya mbele yanang'ata ukingo, jipu linaguna, linapanda, linatoka lenyewe na tope likiruka hadi kwenye shati la kapita. Watu wanapiga makofi. Kama hii ingekuwa hadithi ya kutunga, ingeishia hapa na kila mtu angekwenda nyumbani ameridhika.

Sumaili hapigi makofi. Anaingia chini ya ya kijani, anatoka na kusema ameona fremu imechomelewa mahali pawili. Pa kwanza anapajua, siku ilipovunjika alikuwapo. Pa pili hapajui. Grégoire naye, kwa kuwa ni mkweli, anazidi kuvuruga mambo. Anasema fimbo ya ya kijivu inaweza kulegezwa kwa mafuta na nusu siku ya kazi. Na injini ya ya kijivu bado kijana, wakati ya kijani imekula kilomita nyingi hata mwenyewe hakumbuki idadi.

Kwa hiyo shimo limesema nini? Sumaili anauliza hivyo kwa sauti, na hamwulizi mtu yeyote.

Kapita Placide, aliyekuwa tayari na maoni yake, anaamua kuyameza. Dereva wa ya kijivu anatazama pembeni. Amisa anakuja, anasimama mbele ya mdogo wake, na anamsemesha kwa upole ambao ulimfanya mwandishi wa habari hizi atazame chini.

"Mudogo wangu, mie sina mutu mwingine wa kuuliza. Sema moja."

Sumaili anajifuta mikono kwenye kaptula. Anazitazama jipu zote mbili, moja baada ya nyingine.

"Yaya, sijui," anasema. "Labda ile ya kijivu njo ya muzuri, mie siwezi kuapa. Lakini hii ya kijani, siku itaanguka, najua pa kuishika."

Amisa haulizi mara ya pili. Anatoa mkoba kwapani, anamwambia Grégoire ageuze ya kijani kuelekea Kasongo, wakamwone mwenyewe leo leo. Kisha anamwambia Sumaili apande, kwa kuwa karatasi zinamhitaji.

Na hivyo ndivyo kantonye wa miaka kumi na saba anavyopanda gari kwa mara ya kwanza. Anakaa mbele, beleshi katikati ya magoti, miguu ameinyanyua asichafue. Dada yake anamwambia aishushe, ni gari lake pia. Haishushi. Mwandishi, aliyebahatika kupata nafasi juu ya magunia ya mchanga, alikuwa nyuma yake na aliona shingo yake ilivyokakamaa.

Jipu linaondoka. Sumaili anatazama nje upande wa kulia, upande wa mitaro. Kuna mahali alipojenga karavati la mawe peke yake, mwaka aliozaliwa bintiye wa pili. Kuna kona aliyoihangaikia miaka minne kwa sababu maji yalikuwa yakiikata. Kuna mtelemko ambao kila Novemba unamtoa machozi. Anafungua mdomo kama mtu anayetaka kuonyesha kitu, lakini kitu hicho kimekwisha kupita, na kinachofuata nacho kimepita.

"Kilometre zangu zinaanzia wapi?" anamwuliza Grégoire.

"Tuliisha kuzimaliza, tata," anajibu Grégoire, akimwita baba kwa heshima.

Sumaili anageuka, anatazama nyuma kwenye vumbi. Kilomita tano anazozitembea kutwa nzima akizikagua zimekwisha kabla hajakaa vizuri. Mwandishi aliogopa kwamba mtu huyu ataomba ashushwe.

Hapo ndipo gari linapoanza kurukaruka. Wameingia kwenye kilomita za kantonye jirani. Sumaili anagonga kichwa kwenye turubai, anashika mlango kwa mikono miwili, beleshi linamwangukia mguuni, na Amisa huku nyuma anataja jina la Mungu. Jipu lililokuwa likiteleza dakika chache zilizopita sasa linalia kila kiungo. Ni jipu lilelile, na dereva ni yuleyule.

Uso wa Sumaili, mwandishi anauandika alivyouona, ulikuwa wa mtu anayetaka kucheka na anayeogopa kwa wakati mmoja.

Mkataba ulikamilika saa kumi jioni. Jipu la kijani sasa ni la Amisa, kwa jina la Sumaili, ambaye alitia alama ya kidole na kuomba aoneshwe jina lake lilipoandikwa. Alilitazama kwa muda mrefu. Alipopewa lifti ya kurudi alikataa, akasema atapanda baiskeli ya jamaa yake. Alitaka kuitazama njia yote polepole, kilomita zake na za wengine.

Kesho yake mwandishi alimkuta kwenye shimo lake, akirudisha kokoto. Subira alikuwa akizipanga. Kapita Placide alikuwa amefika kabla ya wakati, akikagua, akigonga udongo kwa kisigino, akitafuta kosa na asilipate.

Mwandishi alimwuliza Sumaili kama sasa anaamini amechagua vizuri. Alifikiri kwanza. Alisema jana ndani ya gari hakuweza kutambua kinachokwenda vizuri ni kipi. Kilomita zake zilipokwisha ndipo alipoona tofauti, na mpaka sasa hajui asifu gari au asifu barabara, au asifu lipi kwa kiasi gani. Anachojua ni kwamba kutoka Wamaza hadi Kasongo kuna kilomita nyingi ambazo si zake, na dada yake atazipita zote na magunia hadi juu, mvua ikikaribia.

Ndipo likatoka jambo ambalo kapita mwenyewe bado anakuna kichwa kulihusu. Asubuhi hiyo, kabla ya kushika jembe, Sumaili alimwomba ahamishwe. Hakuomba karibu na mji, kama makantonye wengine wanavyoomba kila mwaka. Aliomba kile kilima cha udongo mwekundu ng'ambo ya Lusangi, ambako hakuna kantonye aliyewahi kumaliza mwaka, na ambako kila lori la mpunga hukwama. Kilomita zake hizi, zilizonyooka, apewe mwingine.

"Toka niko kapita, watu wananiomba kilometre ya muzuri," Placide anasema. "Huyu njo wa kwanza kuniomba ya mubaya."

Amekubali, kwa sharti kwamba malipo hayataongezeka hata senti. Subira hajasema ndiyo. Ameuliza tu kama huko kilimani kuna maji ya karibu na kama nyumba ya kantonye ina paa. Maji yapo. Paa halipo, na Sumaili ameahidi kuliezeka kabla ya kuhamia.

Anaanza kazi tarehe mosi ya mwezi ujao. Amekwisha kwenda mara moja kukiangalia kilima, na amejua maji yanatokea upande gani.

"Motokari, labda nilikosea, Mungu njo anajua," anasema Sumaili, na anarudi kukanyaga kokoto. "Lakini ile mulima, mie nitautengeneza mbele yaya hajapita."